Ugumu wa Kipande Hujificha Ukurasa wa Pili

Maswali ya wasomaji kuhusu piano na kinanda. Anajibu mwalimu wa piano, Raskazone, Tanga.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi bandarini hapa Tanga, na Jumapili mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya yetu Chumbageni. Nimekulia kwenye solfa, zile nota za do-re-mi. Nota za mistari mitano nimeanza kuzisoma ukubwani. Mwaka huu nilijipa moyo nikaanza "Für Elise" ya Beethoven. Ukurasa wa kwanza niliumaliza upesi, mpaka watoto nyumbani wakawa wanauimba. Baada ya hapo nimekwama, na miezi inapita. Orodha moja inasema hicho ni kipande cha wanaoanza, nyingine inakiweka kati. Nikajaribu Prelude ya Bach ya C major, ile ambayo karatasi yake imejaa nota hadi pembeni, nayo nikaipiga mpaka mwisho bila taabu. Nimechanganyikiwa. Nitajuaje ugumu wa kweli wa kipande kabla sijakipa miezi yangu?
Mpiga kinanda wa kwaya, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhama kutoka solfa ukiwa mtu mzima, tena baada ya zamu ya bandarini, si kazi ndogo, na nimefurahi umeuliza kabla hujakata tamaa.

Kwanza hizo orodha. Vitabu vingi vya wanaoanza huchapa ule mwanzo wa "Für Elise" peke yake, na mara nyingine hata huo mwanzo umepunguzwa nota. Aliyepanga orodha yake kwa kutazama kitabu cha namna hiyo ataandika "rahisi", na kwa alichokiona hajakosea. Mwingine ametazama kipande kizima, vipimo mia na ushee (vile vyumba vya nota vinavyotengwa na mistari ya wima), akakiweka kati. Wote wawili wanatumia jina moja kwa vitu viwili. Ukiona daraja lolote limeandikwa, uliza kwanza limepima toleo gani. Kisha uliza ni daraja la nani: bodi ya mitihani ya ABRSM ya London ina madaraja 1 hadi 8, wachapishaji Henle wa Munich wana ngazi 1 hadi 9, kwa hiyo 5 ya huyu si 5 ya yule.

Mimi madaraja hayo nayaheshimu na kuyatumia. Lakini yamepangwa kwa kumfikiria mwanafunzi aliyepita ngazi kwa ngazi tangu utotoni, skeli zake (nota zinazopanda na kushuka ngazi kwa mpangilio) anazo, mazoezi ya vidole anayo. Wewe hukupita njia hiyo. Umekuja na mikono ya kwaya: kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) unazishika, besi yako inatembea, wimbo wa sauti nne unausoma ukiwa unamsikiliza mwalimu wa kwaya na kumwangalia padri au mchungaji kwa jicho moja. Hayo ni mambo ambayo mtoto wa daraja la 5 anaweza asiyaweze kabisa. Usichokuwa nacho bado ni vidole vya kukimbia, kwa sababu nyimbo za ibada hazikuwahi kuvidai.

Sasa tukifungue kipande chenyewe. Ule wimbo wa mwanzo, E na D shapu zikipokezana, mikono yako inapeana zamu. Wa kulia ukisema, wa kushoto umetulia. Wa kushoto ukipanda nota zake tatu, wa kulia unangoja. Karibu hakuna mahali ambapo yote miwili ina kazi nzito kwa wakati mmoja, na ndiyo maana uliumaliza upesi. Kipande kinapohamia F major hali inabadilika. Mkono wa kushoto hautulii tena, unazungusha kodi mfululizo, na juu yake wa kulia unaimba wimbo wenye mapambo. Kidogo baadaye zinaingia nota zenye mikia mitatu. Zile za mwanzo zina mikia miwili. Maana yake ni kwamba kwa mapigo yaleyale vidole vinatakiwa kwenda kwa kasi mara mbili ya ile uliyoizoea kwa ukurasa mzima.

Nina hakika ni hapo ulipokwama. Ulichagua kasi iliyokuwa tamu kwa mwanzo, na kasi hiyo ikifika kwenye mikia mitatu haibebeki. Kasi ya kipande hupangwa na mahali pake pagumu kuliko pote. Ungekuwa unakuja kwangu, ningekufunikia ukurasa wa kwanza kwa karatasi nikakuachia vile vipimo vichache vya mikia mitatu, mkono wa kulia peke yake, polepole, hadi kila nota isikike. Halafu tungeongeza wa kushoto. Tukishaijua kasi ambayo hapo panapita safi, ndipo tungerudi mwanzo na kuupiga kwa kasi hiyohiyo. Utakuta mwanzo umekuwa mtulivu kuliko unavyopigwa na wengi, na kwa maoni yangu ndivyo unavyopendeza.

Sehemu ya tatu, ile ambayo mkono wa kushoto unairudiarudia A moja chini bila kuiacha, inatisha sikioni lakini kwenye karatasi ni nyepesi kusoma. Ugumu wake uko kwenye kifundo cha mkono. Ukikaza, kigasha kitauma kabla hujafika nusu. Na kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada: masika yakiingia, mbao na sufu za ndani ya piano hufyonza unyevu, kitufe kinashuka na kuchelewa kurudi juu. Kwenye piano yenye hali hiyo, nota moja inayorudiwarudiwa inakuwa adhabu hata kwa mkono uliofunzwa. Kabla hujajilaumu, jaribu kurudia nota hiyo kwenye kitufe cha jirani. Kikiitika vizuri, mwite fundi.

Tuje kwa Bach. Prelude hiyo ina vipimo 35, na karibu kila kimoja ni kodi moja iliyofunguliwa nota kwa nota, halafu ikarudiwa ileile. Vipimo vichache vya mwisho ndivyo vinavyotoka kwenye mtindo huo. Macho yako yaliona nota mia tano na zaidi. Mikono yako ya kwaya iliona kodi thelathini na kitu zikifuatana kwa adabu. Mkono unakaa pale ulipowekwa, unabadilika kidogo tu kipimo kinachofuata. Karatasi ilikuwa nyeusi lakini jambo lilikuwa moja.

Ukitaka kuona kinyume chake, funua ukurasa. Baada ya Prelude hiyo, katika mkusanyo uleule ambao Bach aliukamilisha 1722, inafuata fuga ya C major ya sauti nne. Ukiitazama haraka huoni cha kutisha: haina shapu wala flati (alama za kupandisha au kushusha nota nusu hatua) mwanzoni, haina kasi ya wazimu. Lakini hapo Soprano, Alto, Tena na Besi wote wako ndani ya vidole vyako kumi, kila mmoja anaingia kwa wakati wake na wimbo uleule, na kila mmoja anataka asikike hadi amalize sentensi yake. Kidole cha nne kinashikilia sauti moja huku cha kwanza na cha pili vinaendesha nyingine, mkono huohuo. Wewe unayejua kazi ya kuwaweka sawa waimbaji wa sauti nne utaelewa upesi kuliko mwanafunzi yeyote wa kawaida kwa nini fuga hiyo iko mbali sana na Prelude yake.

Kwa hiyo ukipata kipande kipya, usikimbilie kwenye vitufe. Kaa mezani na penseli, anza ukurasa wa mwisho ukirudi nyuma, maana ukianza mwanzo wimbo utakuteka na hutapima tena. Weka alama pale ambapo mkono mmoja umepewa kazi mbili. Weka alama pale ambapo mkono unaruka mbali bila kupewa muda wa kutazama. Weka alama pale ambapo mikia ya nota inaongezeka ghafla. Tazama pia ni kiasi gani kinajirudia. Kurasa nne zenye mambo mawili ni nyepesi kuliko ukurasa mmoja wenye mambo tisa.

Wingi wa shapu na flati usiupe uzito unaopewa na watu. Unasumbua kusoma, ndiyo, kwa majuma ya mwanzo. Kwa mkono ni habari nyingine. Chopin, alipokuwa akifundisha Paris, alipenda wanafunzi waanze na skeli ya B major yenye shapu 5, na C major aliiona ngumu kuliko zote. Jaribu sasa hivi, weka mkono wa kulia: vidole virefu vinaangukia vitufe vyeusi vilivyo juu, kidole gumba kinabaki kwenye cheupe, mkono umelala kama ulivyoumbwa. Kwenye C major vitufe vyote viko usawa mmoja na vidole havina pa kushika.

Ukishaweka alama, chagua vipimo vinne vibaya kuliko vyote. Hivyo tu ndivyo ukavipige, nusu ya kasi inayotakiwa, juma zima. Vikiwa safi mwisho wa juma, kipande ni chako, anza. Ukiwa bado unasimama lakini kila siku unasimama mara chache kuliko jana, kinakufaa vilevile, ila jiandae kukaa nacho. Ukiwa palepale ulipoanzia, kiweke rafuni bila uchungu na utafute kitu kidogo chenye ugumu wa namna hiyohiyo.

Kwako wewe ninacho kimoja mkononi. Mtunzi Burgmüller aliandika mazoezi 25, Opus 100 (yaani namba ya kazi yake), kila moja fupi na lenye shida moja tu ndani yake. La pili linaitwa Arabesque, nalo ni la A minor kama "Für Elise" yako. Mkono wa kushoto unashika kodi, kazi unayoijua usingizini, na wa kulia unakimbia mafungu mafupi ya nota. Katikati mambo yanageuzwa, kushoto ndiko kunakoambiwa kukimbie. Lipe muda, halafu urudi F major ya Beethoven uone vidole vitasema nini.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja napenda kumtaja watu wanaponiletea orodha za madaraja. Mzee wa Ngamiani, maisha yake yote amepiga kinanda kwenye taarabu. Alitaka Nocturne ya Chopin ya E flati, Opus 9 namba 2. Mapambo ya mkono wa kulia katika kipande hicho, zile nota ndogondogo zinazomiminwa kati ya pigo na pigo, huwatoa wanafunzi jasho. Wanazihesabu, wanazigawa kwa penseli, bado zinatoka zimekakamaa. Yule mzee alizitazama mara moja, akazipiga zikateleza, zikachelewa kidogo panapotakiwa kuchelewa, kana kwamba amesindikiza mwimbaji wa kike. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi. Kilichomshinda ni mkono wa kushoto: besi chini, kisha kodi mbili juu, besi chini, kodi mbili juu, na mruko usiokwisha. Katika kundi lao besi ilikuwa ya mtu mwingine na gitaa lake. Tulifanya kazi ya mkono huo peke yake, macho yamefungwa, mpaka ukajua umbali wenyewe. Kwake yeye ukurasa ule ulikuwa rahisi palepale unapowashinda wengine wote.

Ndiyo maana siwezi kukuandikia namba, mwanangu. Niletee vile vipimo vinne ulivyoviwekea alama, hapo naweza kukuambia kitu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa chekechea Pongwe, nina kinanda cha umeme cha vitufe 61. Nimejifunza sehemu ya kwanza ya sonata ya Beethoven inayoitwa "Moonlight" na naipiga bila kukosea nota. Juzi nilialikwa kuipiga kwenye shughuli mjini, kwenye piano yenyewe. Mkono ulichoka mapema, wimbo haukusikika, watu wakaendelea kuzungumza. Je, niliipiga kwa uoga au nilijidanganya kuwa naijua?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Hukujidanganya, binti yangu. Nota unazijua kweli. Ila kinanda chako kilikuwa kimekuondolea ugumu wa kipande hicho bila kukuambia.

Chukua mkono wako wa kulia. Katika sehemu hiyo unafanya kazi mbili: chini yake zinazunguka nota tatutatu zisizokoma, na juu, wimbo wenyewe umepewa vidole dhaifu vya pembeni, hasa kidole cha mwisho. Wimbo huo unatakiwa usikike juu ya zile tatutatu, na zile tatutatu ziwe laini kiasi cha kutoonekana. Yaani mkono mmoja, kwa wakati mmoja, unabonyeza kwa uzito wa namna mbili. Vinanda vingi vidogo vya bei ya chini havijali umebonyeza kwa nguvu gani, sauti inatoka ileile. Hapo huwezi kushindwa kazi hiyo kwa sababu haipo. Kwenye piano kila kitufe kinasukuma nyundo, nyundo ina uzito, na kiasi cha sauti kinatoka kwenye kidole chako. Zile tatutatu zilikuwa na kidole gumba chenye nguvu, wimbo ukaachiwa kidole kidogo, basi wimbo ukazama. Uchovu nao ulikuja humo humo, kwa vidole vilivyozoea vitufe vyepesi vya plastiki.

Kuna na pedali. Beethoven aliyeandika sonata hiyo 1801 alitaka sauti ziachwe zielee, lakini piano za siku zile zilinyamaza upesi kuliko za leo. Kwenye piano ya sasa mguu ukikaa chini muda wote kodi zinachanganyika matope, kwa hiyo inabidi uinue na kushusha kila kodi inapobadilika, na sikio ndilo linaloamua. Kinanda chako huenda hakina pedali kabisa.

Vipande polepole vina tabia hii, nota zake hukamatika upesi. Prelude ya E minor ya Chopin, Opus 28 namba 4, ni ukurasa mmoja tu, vipimo 25. Mkono wa kushoto unarudia kodi laini, na kodi hizo zinashuka kidogokidogo, nota moja ikibadilika huku nyingine zikibaki. Mwanafunzi mwenye bidii atazishika nota zake upesi. Kuzifanya kodi hizo zisipige kelele, zisilale, na badiliko dogo la ndani lisikike, hiyo nimeona watu wakiifanyia kazi miaka na bado wanaipenda. Mimi nikipima kipande polepole sitazami vidole kabisa. Najiuliza: nikiondoa wimbo wa juu, kinachobaki naweza kukipiga kwa upole bila kudondosha nota hata moja?

Kwa sasa, ukiwa bado na kinanda chako, ongea na kwaya au shule yoyote ya karibu yenye piano ukaombe saa moja kwa juma. Ukifika, piga mkono wa kulia tu. Wimbo kwa nguvu, tatutatu ukiziguza bila kutoa sauti kabisa, vitufe vikishuka nusu. Hilo ni gumu mno siku ya kwanza. Halafu taratibu ziruhusu zisikike. Na siku utakapoweza kununua kingine, uliza dukani kama vitufe vina uzito na kama sauti inafuata nguvu ya kidole. Hayo mawili yana maana kuliko milio mia tatu ya ngoma na tarumbeta.

SWALI: Mwalimu, binti yangu ana miaka 11. Yuko kwenye sonata ya Mozart ya C major, K. 545, muhula wa pili sasa, na mwalimu wake kila mara anamrudisha kwenye skeli. Jirani yetu anasema sonata hiyo Mozart mwenyewe aliiandikia wanaoanza, kwa hiyo ama mtoto hana kipaji ama mwalimu anatuvuta. Naomba ushauri.
Mama wa Bombo

JIBU: Mama, jirani yako amesema kweli kuhusu Mozart. Tarehe 26 Juni 1788 aliiandika kwenye daftari la kazi zake kuwa ni sonata ndogo kwa wanaoanza. Ila akaijenga kwa skeli tupu. Baada ya vipimo vinne vya mwanzo, mkono wa kulia unaanza kupanda na kushuka skeli moja baada ya nyingine, karibu hakuna kodi nzito wala pedali ya kufunikia. Kidole kimoja kikiwahi, kimoja kikichelewa, kila aliye chumbani anasikia. Wapiga piano wakubwa nao huiogopa kwa sababu hiyohiyo.

Mwalimu anayemrudisha mtoto kwenye skeli kwa ajili ya sonata hii anajua anachofanya. Mwachie. Wewe nyumbani umsaidie hivi: mwambie akupigie vile vipimo vya skeli, kuanzia cha tano, polepole sana, nawe ukae chumba kingine ukisikiliza kama nota zinatoka sawasawa. Huhitaji kujua muziki ili kusikia hilo. Zikitoka sawa jioni tatu mfululizo, mwambie mwalimu wake.